Mtani wa Misiba na Mheshimiwa Kesho

Wivu ukimpata mtu mzima hauna dawa, na Bernado ulikuwa umempata barabara. Alikaa kwenye benchi la kijiwe cha mtaa wa Nyasho, mbele ya kinyozi, kahawa ikimpolea mkononi. Yeye ndiye mtani wa misiba: akifa mtu huvaa kofia ya marehemu, huigiza alivyotembea na alivyogomba, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Lakini Jumamosi, kwenye maziko ya mzee Abraham, fundi baiskeli mmoja alimtangulia. Alitoa tumbo mbele, akafuta jasho, akasema, "Hilo tumelipokea." Ndivyo asemavyo Mheshimiwa Kesho, yule kiongozi wa kwenye kipindi cha vichekesho cha tivii, anayepokea kila lalamiko ili alishughulikie kesho. Watu walivunjika mbavu. Bernado alipoinuka na kofia ya marehemu, hakuna aliyemtazama.

— Huyo Kesho ametumaliza, alisema Hezron muuza nyavu, ambaye kijiweni ni Nyavu tu. Juzi nimemwomba Selestina maji ya moto ya kuoga. Mke wangu ananijibu, hilo tumelipokea. Nimeoga ya baridi. Na utani wangu mimi hajawahi kuucheka kama anavyomcheka huyo.

— Afadhali wewe, alisema Boniphace, jina la kijiweni Bungeni, kwa kupenda hoja. Kwa shemeji zangu mwenyekiti wa kijiji amesimama mkutanoni, hata hajafungua mdomo, watu wanamwona Kesho, wanacheka. Amekaa chini. Barabara haijajadiliwa.

— Ndiyo kazi yake, alidakia Bernado. Kipindi kimewekwa na wakubwa wenyewe. Ukizicheka shida zako, unazisahauga. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Bungeni.

— Itaingia tu. We ngoja.

— Mimi naona ni zaidi, alisema Nyavu. Sato wamepungua tangu kianze. Wavuvi wanaangaliaga kwenye simu huko huko mtumbwini, wanacheka, samaki wanasikia. Wahenga walishasema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maana yake usiangalie tivii ukiwa majini.

— Samaki anajua Kiswahili?

— Kwani kicheko kina lugha?

— Huyo Kesho ameniiba mimi, alisema Bernado. Wenye kipindi walituma mtu msibani na simu, akanirekodi. Ule mkono wa kufuta jasho ni wangu.

— Basi mbona anachekesha kukuzidi? aliuliza Bungeni.

Bernado alimeza kahawa baridi. Hakutaka wajue kwamba tangu Jumamosi alikuwa akijifungia chumbani na simu ya mkewe, akifuatisha hatua za Kesho moja moja ili amjue adui yake. Alimwonea wivu hata tumbo.

Mwanamke mmoja alivuka barabara, begi begani, akasimama mbele yao.

— Shikamooni. Mimi ni Dorotea wa mzee Abraham. Nimetoka Songea, basi limeharibika njiani, nimekuta baba ameshazikwa. Nimeambiwa mtani wake anakaaga hapa.

— Marahaba, mwanangu. Ni mimi. Pole sana.

— Asante. Nina miaka mingi sijamwona. Naomba unioneshe alivyokuwa anatembea.

Heshima aliyoililia Bernado ilikuwa imemfuata kwa miguu yake. Alichomekea shati, akaenda hadi ukingo wa barabara, akageuka na kurudi, tumbo mbele. Nyavu alipaliwa. Bungeni alipiga benchi kwa kiganja. Walicheka kama zamani, mpaka kinyozi akatoka kuchungulia, na moyo wa Bernado ukajaa. Akaongeza mkono, akafuta jasho.

Dorotea hakucheka. Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

— Baba mdogo, huyo ni nani?

Vicheko vilikatika. Bernado alisema ngoja, nimekosea mwanzo, akarudi ukingoni. Mzee Abraham alikuwa akichechemea, hilo alilijua, walikuwa majirani tangu ujana. Alinyanyua mguu wa kulia, akasita. Akanyanyua wa kushoto.

— Alichechemeaga mguu gani? aliwauliza wenzake kwa sauti ndogo.

Nyavu alimwangalia Bungeni, Bungeni akaangalia chini. Dorotea aliweka begi chini na kuendelea kusubiri.