Nguruwe Mwitu Aliyemgeukia Korongo: Maisha ya Marehemu Troilo Verrani, 1441–1491

Padri wetu, ndugu wa ukoo wa Verrani mlioketi kulia, ndugu wa ukoo wa Gruamonti mlioketi kushoto, nanyi majirani wa Montespino mliojaa hadi mlangoni ambako silaha zimeachwa, Bwana awabariki. Mimi ni Bertoldo, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake, nitasoma polepole, mnivumilie.

Marehemu Troilo alizaliwa hapa Montespino tarehe 11 Novemba 1441, sikukuu ya Mtakatifu Martino, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Gentile Verrani, akabatizwa katika kanisa hili hili. Mwaka 1449 baba yetu aliuawa kwa mkuki na watu wa Gruamonti pale kwenye daraja la kinu, tukalelewa na baba mkubwa Oddo, ambaye kila jioni alitusimamisha mbele ya ngao ya nguruwe mwitu iliyo juu ya meko, tukatamka maneno ya Kilatini yaliyoandikwa chini yake, *Numquam retro*, yaani kamwe hatugeuki nyuma, na aliyeyakosea alilala bila supu ya dengu.

Alisoma kwa padri wa parokia hadi mwaka 1454, akajua kuandika, kuhesabu na zaburi chache, kisha mwaka 1457 akajiunga na wapanda farasi wa kukodiwa, akapigana miaka tisa, akapoteza vidole viwili katika kuuzingira mji mmoja karibu na Ferrara, akarudi nyumbani mwaka 1466 na kufanywa mkuu wa lango la mji.

Tarehe 24 Aprili 1468, Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, alifunga ndoa takatifu na Gismonda, binti wa Gruamonti, ndoa aliyoisimamia askofu ili koo hizi mbili ziache kuzikana. Kwa desturi yetu bwana harusi huchoresha ngao yenye wanyama wote wawili, hufunikwa kitambaa, na hufunuliwa mkate unapomegwa, nguruwe wetu na korongo wao aliyeshika jiwe kwa mguu mmoja ili likimponyoka aamke, asilale zamuni. Troilo alikuwa ameona huko Ferrara kwamba mnyama wa mume hugeuzwa amtazame mnyama wa mke kwa heshima, akamwagiza mchoraji afanye vivyo hivyo, wala hakuwauliza wazee, na hapo ndipo alipokosea, kwa maana tangu babu zetu nguruwe wa Verrani hutazama upande wa mkono wa upanga, na akigeuzwa huonekana kama mnyama anayekimbia mkuki.

Kitambaa kilipoanguka, Averardo, kaka yake bibi harusi, ambaye divai ilikwisha kumpanda kichwani, alicheka akasema, "Wakwe zetu, tazameni! Nguruwe wenu kashaanza kutimka, na hata nyama haijaliwa!"

Baba mkubwa Oddo akauliza, "Nani kamgeuza?"

"Ni mimi, baba mkubwa," akajibu marehemu. "Anamtazama mkewe. Kwani wewe ukila na mama mkubwa, unampa kisogo?"

Watu walicheka, Oddo hakucheka, alichukua kisu cha kukatia nyama, akamshika Averardo nywele, akamchinja juu ya sahani yake, damu ikaruka hadi kwenye mikono ya nguo nyeupe ya bibi harusi. Ndipo mabenchi yakapinduliwa, watu wakapigana kwa vinara vya mishumaa na kwa mikono mitupu, na kengele ya sala ya jioni ilipolia palikuwa na maiti sita sakafuni, Oddo naye akiwa mmoja wao, fuvu limepasuliwa. Troilo hakumpiga mtu, alimfunika mkewe kwa mwili wake chini ya meza, na kisu kilichomwingia mgongoni kilishikwa na mtu wa ukoo wetu. Kwetu jeraha la mgongoni ni aibu, naye alilibeba hadi kufa.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Galeotto aliyezaliwa mwaka 1469, na Pantasilea wa mwaka 1472. Gismonda alifariki kwa homa mwaka 1485, akazikwa hapa, chini ya jiwe lenye korongo wake, na nafasi ya mnyama wa mume ikaachwa wazi. Mwezi Agosti mwaka huu marehemu aliagiza achongwe nguruwe wa kuijaza nafasi hiyo, akiwa amegeuka, na Ercolano, mwana wa Oddo, akamtumia salamu, "Mgeuze tena uone, kisu cha baba bado ninacho."

Tarehe 2 Oktoba 1491, akitoka kusali, Troilo alichomwa tumboni kwenye ngazi hizi mlizopanda leo. Ercolano alikamatwa, akafungwa katika mnara wa lango, na ufunguo ukabaki kwa Galeotto, nanyi mnaijua desturi, kwamba mwana humwaga damu ya muuaji kabla kaburi la baba halijafunikwa.

Marehemu alimwita Galeotto kitandani akamwambia, "Mwanangu, usimguse. Mpeleke kwa askofu."

"Baba, kakutoboa tumbo, nami nimtazame tu?"

"Mtazame. Halafu geuka."

"Verrani hatugeuki."

"Mimi niligeuka," akasema marehemu. "Ndiyo maana ukazaliwa."

Galeotto akatoka na ufunguo. Baba yake alivumilia maumivu makali, akapokea Sakramenti, akafariki alfajiri ya tarehe 7 Oktoba 1491, akiwa na miaka arobaini na tisa.

Familia inamshukuru mganga Zanobi aliyemshona jeraha, masista waliofua mashuka yake, majirani mlioleta mkate na mchuzi, askari wa lango mliofanya naye kazi, na ndugu wa Gruamonti mliolishika jeneza upande wa kushoto.

Leo asubuhi tuliusikia mlango wa mnara ukifunguliwa, wengi wetu tukafumba macho tukingoja ukelele. Ercolano alitolewa akiwa hai, akapandishwa juu ya nyumbu amefungwa mikono, akaenda na watu wa askofu, kisha Galeotto akaja hapa kanisani, akalishikilia kwa mikono yake lile jiwe la nguruwe hadi chokaa iliposhika. Mnaliona, limegeuka, na maneno ya chini yake hayakuchongwa.

Troilo, kaka yangu, tumekulaza kwa ubavu, uso kwa Gismonda. Pumzika katika amani ya Bwana, na safari hii usigeuke tena.