Tairi za Kusikika Mbali

Mkunga aliyekaa mbele yangu alikuwa amepanda basi kwa sababu gari lake la njia mbovu lilikuwa juu ya mawe, halina tairi hata moja. Jirani yake wa kiti, fundi wa magari mwenye upara unaong'aa, hakumwacha apumue.

"Dada, kila siku unakula lami kilomita arobaini, tope ni tatu tu. Chukua tairi za njia zote. Zile za meno makubwa zinavuma kama mashine ya kusaga!"

"Ndizo ninazozitaka. Mama mwenye uchungu akizisikia kwa mbali anajua nafika, anatulia."

"Si ununue honi!"

"Honi hata muuza barafu anayo, kaka."

Mimi nilikuwa upande wa fundi, lakini hapo nikahama. Fundi akakazana: zitaisha upesi, zitakula mafuta, mgongo utamuuma. Mkunga akacheka tu. Basi lilipoacha lami likateleza, likazama topeni, likazima.

Tukashuka wote. Mkunga akainama kuzitazama tairi za basi, laini kama kichwa cha jirani yake.

"Na hizi, fundi, ni za lami au za tope?"

Fundi akakunja suruali. "Hizi, dada, ni za kusukuma."