Kesi Iliyokwisha Kishapu

Mwaka wa hamsini na tatu nilipanda lori la mtama kutoka Kishapu kwenda kwenye mgodi wa dhahabu, upande wa Geita. Juu ya magunia tulikuwa wanne: mimi, mzee aliyelala tangu tulipoondoka, mchuuzi mmoja aitwaye Mama Stanslaus, na kijana Mabula, aliyekuwa anakwenda kuomba kazi.

"Umewahi kufungwa?" mama alimuuliza, kama anayeuliza bei ya karanga.

"Miezi sita, mama, kwa wizi wa ng'ombe. Lakini yamekwisha. Nilipotoka nilichinja mbuzi, kijiji kizima kikala, na mwenye ng'ombe akanipa mkono."

"Kijiji kilikula, serikali haikula. Alama za vidole vyako ziko Dar es Salaam, mwanangu. Hapo getini watakupaka wino, watalinganisha, watakurudisha. Ndugu yangu walimrudisha kwa wizi wa blanketi tu."

"Basi wazifute. Aliyeibiwa amesamehe, wao wanashikilia nini?"

"Na nani atawaambia kwamba amesamehe? Wewe mwizi?"

Nikadhani mama ameshinda. Nilifurahi kidogo, maana nilitaka kusinzia.

Lori likasimama getini. Mabula akamtikisa yule mzee taratibu. "Baba, tumefika."

Mzee akaamka, akajikung'uta vumbi, akatafuta fimbo yake.

"Haya," akasema, "wako wapi hao wanaotaka kuambiwa habari za ng'ombe wangu?"