Syombua Aliyefikisha Orodha Mpaka kwa Wayua

Syombua Nzioka amefanya kazi kwa hiki chama chetu cha mbegu hapa Emali miaka ishirini na sita, na Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Oktoba 1997, anastaafu. Alikuja mwaka wa sabini na moja, msichana mwembamba wa kutoka Tawa, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya matope. Mimi Syokau nilikuwa tayari hapa napika chai. Wameniambia niseme habari yake, na nitasema, lakini nikianza simalizi haraka.

Kwanza alikuwa wa taipu. Hiyo taipu yake ungeisikia mpaka stesheni ya treni. Mwaka ule wa njaa, themanini na nne, aligawa mbegu ya mtama akiwa na mimba ya mtoto wake Mutindi. Tulimletea kiti, akaweka gunia juu yake.

Sasa kompyuta. Wafadhili waliileta themanini na tisa, nikakatazwa kupita karibu nayo na chai. Syombua akaenda Nairobi kuisomea wiki mbili, akarudi akaifunika na leso ya maua kama mtoto mchanga.

Shida ilianza Septemba ya mwaka huo huo. Wakulima walikuwa elfu nne na kitu, na wafadhili walitaka orodha moja ya kompyuta, ya mkono hawataki. Syombua akaandika majina kwa kufuata herufi. Alipomaliza N, kompyuta ikakataa, ikasema imeshiba. Sasa fikiria, kwetu Ukambani baada ya N ni nani? Ni kina Syokau, Syombua, Wayua. Wanaume ni kina Wambua wachache tu, wengine wote ni akina mama. Kamati ikasema walioingia wapewe mbegu, wengine wangojee mvua ya Machi. Na kila mtu hapa anajua mvua ya Novemba ndiyo ya chakula. Hiyo ya Machi ni ya kudanganya.

Syombua akasema kompyuta inataka memori kubwa. Nikamwuliza memori ni nini, na ukizima stima hayo majina inaenda wapi? Mimi hupenda kujua kitu inafanya namna gani. Akaniambia, vile Mkamba humwita mama yake, "Mwaitu, memori si ghala. Ghala ni hii diski. Memori ni ungo. Kama ungo ni mdogo huwezi kupepeta mahindi yote mara moja." Hapo nikaelewa, na mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza vizuri kumshinda.

Ungo mkubwa utoke wapi? Waliouza kompyuta walisema ya kwao itakuja baada ya Krismasi, na tukiweka ya watu wengine, garanti imekufa. Abdow, yule wa spea za lori, ana ndugu Nairobi anayeuza kadi za memori za kampuni zingine. Akaleta mbili. Moja ilikuwa kwa boksi la picha, inang'aa kama bangili. Ingine imefungwa na gazeti, rangi ya tope, na vile vidude vyake vyeusi vina miguu kama jongoo. Sisi wote tukapenda ile ya kung'aa.

Syombua akasema yeye hachagui na macho. Mbegu hapa tunaijaribu: unahesabu kumi, unafunga kwa gunia yenye maji, unaona ngapi imeota. Basi kadi zibaki, kila moja ikae siku tatu.

"Walahi mama, hii si ng'ombe ujaribu maziwa!" Abdow akasema.

"Na wewe Abdow, unaweza kununua ng'ombe bila kumkamua?"

Abdow akacheka mpaka akakaa chini. Akaziacha. Mzee Muli, mwenyekiti wetu, hakucheka. "Ikiungua, Syombua, utabeba hiyo kompyuta na kazi yako uende nazo Tawa." Na bwana yake Syombua alikuwa amekufa mwaka huo tu, watoto watatu wako shule.

Tukajaribu. Mimi sijui kusoma, lakini watu nawajua, nani ni wa boma gani. Yeye anasoma majina kwa kioo cha kompyuta, mimi nakohoa nikisikia jina si la mtu. Ile ya kung'aa asubuhi ilikuwa safi kabisa. Saa nane, mabati ilipoanza kulia na jua, ikatoa watu sijawahi kusikia Ukambani yote, alafu ikaganda. Kesho yake saa nane, vile vile. Syombua akaing'oa.

Ile ya gazeti ilikaa siku tatu, na jua lile la kuua kuku, haikusahau mtu. Hata nilitaka kuidanganya. Nikasema Kasyoka wa Kiilu hayuko. "Yuko, mwaitu. Hata jina la babake liko," Syombua akanijibu.

Mzee Muli akaja, akaweka mkono kwa kompyuta kama anapima homa. Akasema, "Haya, toa." Karatasi ikatoka kwa mashine imeshikana kama utepe mmoja, ikapita mlango, ikafika jikoni kwangu, na mwisho wake kabisa ilikuwa Wayua wa Musembi. Mbegu ikagawanywa. Mvua ilipokuja, sisi wa mwisho tulikuwa tumepanda.

Kadi hiyo ilifanya kazi miaka saba. Mzee Muli alianza kusema ati ni yeye aliichagua, na Syombua hakumbishia hata siku moja.

Leo wanaostaafu ni wanne, na majina yatasomwa kwa herufi, kwa hivyo Syombua ni wa mwisho. Wenye haraka, mkae. Hakuna mtu wa kutoka hapa kabla jina lake halijasomwa.

Asante sana, mwana wetu. Enda Tawa na amani, na kila mwaka mvua ikukute umeshapanda.