Fundi Cherehani na Moyo Unaoruka

Haya ni kweli tupu. Anayebisha akamuulize dereva, maana hata redio aliipunguza apate kusikia.

Mstaafu mmoja alikaa basini akijifanya amelala, kumbe masikio yako macho. Kiti cha mbele, fundi wa kutengeneza cherehani, aliyepasuliwa moyo mwezi uliopita, alikuwa akimfokea dada yake.

"Mimi nikirudisha cherehani kwa mteja, hairuki hata mshono mmoja. Wao wamenifungua kifua, wameipitishia damu njia mpya, wamenishona, sasa moyo unaruka hovyo. Halafu wanasema ni kawaida baada ya upasuaji. Kawaida ya nani?"

"Si walikupa vidonge vya kuutuliza, kaka? Viko wapi?"

"Nimeviacha. Nikivinywa nitakuwa nawasitiri waliolipua kazi."

"Kwa hiyo ufe ili wao waaibike? Mbona wewe wateja wako unawaambia wakaitie mashine mafuta? Mkaidi asipotia, unamlaumu nani?"

"Usinifundishe kazi yangu."

Kicheko kikamponyoka mstaafu, na aliyelala hacheki. Wote wawili wakageuka.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Fundi akang'ang'ania chuma cha kiti. "Nikishuka, nashuka kudai maelezo. Vidonge sinywi."

"Utayadai ukiwa hai," dada akasema, kisha akamtazama mstaafu. "Na wewe mzee, kwa kuwa umesikia yote, shika mkono wa pili."

Mzee wa watu, aliyekuwa akienda zake sokoni, akashika, wakashuka wote watatu. Basi likaondoka na nauli yake.