Waliograb Kiwanja cha Sajini

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao pale Shieywe, mjini Kakamega, mkabala na kiwanja tunachopiganishia fahali, ambacho siku nyingine watoto huchezea mpira. Kahawa ni ya Husseini, mtu wa Mumias. Mdomo ni wetu sote. Ijumaa hiyo tulifika tukakuta upande mzima wa kiwanja umezibwa kwa mabati mapya, yanang'aa hadi yanaumiza macho. Hakuna kibao, hakuna jina. Mafundi wawili walikuwa wakipigilia misumari, msimamizi akiwahimiza wamalize kabla ya jioni. Andati, ambaye fahali wake Sajini alikuwa apigane hapo kesho yake, alishika kikombe bila kunywa. Nasi, badala ya kwenda kuuliza, tukafanya tunachokiweza: tukabishana. Alianza Elvis wa bodaboda, tunayemwita Wakili ingawa kortini amefika kama mshtakiwa tu.

Wakili: Hapo wamegrab, wazee, wamejitwalia mali ya umma. Hiyo ndio inaitwanga grab.

Mzee Erastus, mwalimu mstaafu, hawezi kuona neno la Kiingereza likipita bila kulisimamisha.

Mwalimu: Tuliza boli. Hilo neno ni la Waholanzi na Wajerumani wa zamani. Walisema grabben. Waingereza wakalichukua huko.

Wakili: Kwa hivyo hata neno lenyewe liligrabiwa!

Mwalimu: Liliazimwa.

Wakili: Lilirudishwa?

Mwalimu akanywa kahawa kwanza.

Husseini: Wale vijana wa chuo husemanga, "Wacha nigrab chai." Mimi nikisikia hivyo nashikanga birika na mikono miwili.

Mwalimu: Hiyo ni kunywa haraka haraka. Mtu hugrab chai, hugrab kiti, hugrab teksi. Hata ile mashine ya meno ya chuma inayochota mchanga, nayo inaitwa grab.

Wakili: Meno ya chuma! Mmesikia? Basi hiyo mashine ililetwa na wazungu wa reli, wakaisahau hapa, ikazaa. Watoto wake ndio hawa wanavaanga suti.

Husseini: Lahaula! Mashine izae?

Wakili: Kama haikuzaa, mbona wanaongezeka kila uchaguzi?

Mwalimu: Kiswahili chetu kimejitosheleza. Mwewe hunyakua kifaranga, kipa hudaka mpira, jambazi hupora.

Husseini: Na huyu wa kiwanja?

Mwalimu: Huyu... huyu ni wote watatu.

Andati akagonga benchi, kahawa ikamwagika.

Andati: Watu wanapigilia misumari, nyinyi mnapiga Kiingereza! Sajini ako njiani aje aone kiwanja. Nimepigia vijana simu wamrudishe, hawasikii, wako na ngoma za isukuti!

Kweli ngoma zilishasikika kwa karibu. Sajini akatokea, vijana wakimzunguka kwa wimbo na filimbi, akaja moja kwa moja hadi kwenye mabati. Akasimama. Ndani ya yale mabati akamwona fahali mwingine, mweusi, mnene, amesimama ndani ya kiwanja chake. Sajini akakwaruza udongo. Yule naye akakwaruza.

Wakili: Mungu wangu. Amejiona.

Husseini: Mwambieni ni yeye!

Nani amwambie? Sajini aliinamisha kichwa akaenda. Bati la kwanza lilikunjika, nguzo zake mbili zikang'oka, na kabla hajapumua akamwona adui wa pili kwenye bati la pili. Akamwendea huyo pia. Mafundi walitupa nyundo wakaruka mtaro. Aliwapiga wote, mmoja baada ya mwingine, hadi hakukuwa na bati lililosimama. Ngoma zililia, akina mama wakapiga vigelegele, nami sitaficha, nilipiga kelele hadi koo likakauka.

Msimamizi akaja mbio, jasho linamtoka.

Msimamizi: Hii ng'ombe ni ya nani?

Tulichungulia vikombe vyetu kana kwamba jibu limo humo. Andati hana ng'ombe mwingine, na mtu mwenye pesa za mabati yote hayo anaweza kumshtaki hadi aachwe na kamba tupu. Lakini alisimama.

Andati: Ni yangu. Mimi ni Andati, nakaa hapo nyuma ya kanisa. Mwambie aliyekutuma aje anishtaki. Aje mwenyewe, na jina lake.

Msimamizi akasogea kando kumpigia simu aliyemtuma. Tulimwona akieleza, akirudia, kisha akiitazama simu iliyokatwa. Aliporudi, ukali wote ulikuwa umemwisha.

Msimamizi: Anasema... anasema yeye hana mabati yoyote Kakamega.

Wakili: Hana?

Msimamizi: Na mimi hanijui.

Mwalimu mwenyewe, mtu wa heshima zake, alirusha kofia juu. Watoto walikuwa wameshaingia na mpira wao. Andati alicheka mpaka akashika benchi asianguke, kisha akapangusa macho.

Andati: Sasa ndugu yangu, haya mabati ni ya nani?

Msimamizi alitutazama mmoja mmoja. Mwalimu hakujua, Wakili hakujua, Husseini akageuza birika kuonyesha kwamba kahawa nayo imeisha. Katikati ya kiwanja, Sajini alikuwa akila nyasi.