Mtihani Uliopotea na Stima
Jumanne, saa kumi jioni, mvua ikinyesha, nilikuwa katika Probox, teksi ya abiria, ya kutoka Siakago kwenda Embu. Mbele yangu Jedidah, mpiga chapa wa shule, alimfokea Njiru, fundi aliyeibadilishia shule hiyo kompyuta wiki iliyopita. “Nimebonyeza Kontroli na S kuhifadhi kazi tangu asubuhi! Stima imepotea, na mtihani wa kesho umepotea nayo.”

“Madam, mashine hizi mpya huhifadhi kwa kitufe cha Komandi na S, si Kontroli. Nilibandika maagizo ukutani.”

“Ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu! Mimi nachapia stoo. Sasa wanafunzi wafanye mtihani wa ukuta?”

Dereva alizima redio ili asikie vizuri.

Tulipofika Embu, Njiru alishuka bila kuaga. Jedidah aliuliza ilipo sayba, duka la kompyuta za kukodi, yenye zile za zamani alizozizoea. Nilimwonyesha, akakimbilia huko na maswali yaliyoandikwa kwa mkono, akayachape upya.